Walijua hesabu haiingiani, wakampigia tu

Kuna swali watu wa mjini wanapenda kuuliza kwa dharau, ati hawa watu walimpigia huyu kura wakiwa wamelala ama? Na anayeuliza hivyo huwa ashajijibu. Mimi nimekaa na watu wengi waliopiga kura Kenya Agosti 9, 2022 wakiwa macho kabisa, wanajua vizuri hii ahadi ni ya jukwaani na ile nayo haina pesa, na bado wakaamka saa kumi usiku kushika laini. Majibu tunayopeana kuhusu hao watu mengi hayashiki.

Dhana: walidanganywa, hawakuelewa sera

Julai ya mwaka huo nilikuwa nanunua nyanya kwa mama mmoja pale stage ya Githurai. Unga wa kilo mbili ulikuwa umepita shilingi 200, kila mtu amenuna. Kwa mti wa kibanda chake alikuwa amebandika karatasi ya wilibaro, alama ya UDA, chama cha William Ruto aliyekuwa anagombea urais. Nikamchokoza, nikamuuliza kama kweli anaamini zile bilioni 50 kwa mwaka Ruto alikuwa anaahidi biashara ndogo ndogo. Hata hakuinua macho, aliendelea tu kupanga mafungu yake, tatu chini moja juu, ile yenye alama ya kuoza anaigeuza iangalie ndani. Akasema, "Kijana wangu, hiyo pesa ikifika huku itakuwa imebaki ya soda." Sasa mbona unampigia? "Si huyu angalau ametaja mama mboga. Wewe umesikia nani mwingine akinitaja?"

Huyo mama amedanganywa wapi hapo? Yeye alisikia ahadi vile sisi wote tunasikia bei ya soko la mitumba la Gikomba, muuzaji anakwambia 800 na unajua ni ya 300, humuiti mwongo, unakata bei na unabeba shati. Alikuwa ashaikata ahadi kichwani kabla hata ya kura. Na hiyo soda ilifika kweli, Novemba 30, 2022 Hustler Fund ikazinduliwa, mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, na ukikopa asilimia 5 ya hiyo pesa inawekwa akiba. Wengi walipewa hiyo 500 ama elfu moja.

Upande wa Raila Odinga (Mungu amlaze pema), mpinzani mkuu wa Ruto, ilikuwa hivyo hivyo. Ahadi ya shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili zenye shida, piga hesabu, hiyo ni bilioni 144 kwa mwaka. Nina marafiki walioitetea hiyo sera barabarani mpaka sauti ikakauka, wakifika nyumbani wanaicheka, na kura wakampa.

Dhana: ni ukabila tu, hakuna kingine

Hii ndiyo inaniudhi zaidi, manake ina ukweli ndani kwa hivyo watu wanaacha kufikiria wakifika hapo. Angalia 2022 vizuri. Uhuru Kenyatta, mtoto wa Gatundu, rais aliyekuwa ofisini, aliwaambia watu wa kwao Mlima Kenya, Wakikuyu na majirani zao, wampigie Raila. Mlima ukampa Ruto. Wagombea wenza wote wawili walikuwa wa Mlima, Rigathi Gachagua upande huu na Martha Karua upande ule, sasa kama ni kufuata damu ungefuata ya nani? Hata 2002 Kibaki na Uhuru wote walikuwa Wakikuyu, na Kibaki akashinda kwa asilimia 62 kwa sababu nchi nzima ilikuwa imechoka na KANU, chama cha Uhuru kilichokuwa kimetawala karibu miaka arobaini.

Kabila linafanya kazi kwa njia nyingine, ya woga. Tangu 2007 watu wa Mlima walihubiriwa kwamba Raila akiingia wamekwisha, na waliohubiri ni pamoja na hao hao waliokuja baadaye kusema sasa mpendeni. Mahubiri ya miaka kumi huwezi kuyafuta na salamu moja ya Machi 2018, Uhuru na Raila wakishikana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Kwa hivyo mtu anasimama kwa debe, hamwamini Ruto kwa kodi, ameskia stori za unyakuzi wa mashamba, lakini yule mwingine amefundishwa kumuogopa, na juu ya hiyo ana hasira na Uhuru kwa sababu biashara imelala. Kura ikawa ya hasira. Kitu cha kuchekesha ni kwamba Ruto alikuwa naibu rais tangu 2013, yaani hiyo serikali iliyokuwa inachukiwa ilikuwa pia yake, lakini vile alifukuziwa mbali na meza, mikutano anakosa kuitwa, watu wake wakitolewa kwa kamati za bunge, akaonekana kama mtu wa upinzani anayelala nyumba ya serikali. Watu walijua hiyo hesabu haiingiani. Walimchukua hivyo hivyo.

Dhana: walinunuliwa na mia mbili

Pesa zilitembea, hakuna haja tubishane. Lakini kura ni ya siri, unaingia pale kwa kadibodi peke yako, na aliyekupa mia mbili yuko nje. Watu walikula za pande zote mbili wakarudi nyumbani na fulana mbili, moja ya kulalia. Mia mbili inafanya kazi nyingine, inaonyesha huyu mtu hana mkono mfupi, kwamba siku ya matanga ama karo anaweza kupigiwa simu. Mgombea asiyetoa kitu watu wanajiuliza, kama hatoi sasa na anatuhitaji, akishaingia? Ukiniuliza mimi hiyo ni akili, mbaya lakini akili.

Dhana: mtu akipenda sera anampigia mwenye sera

Profesa Wajackoyah wa chama cha Roots, naye akigombea urais, ni jibu tosha. Huyo alikuja na bangi ya kuuza nje, ufugaji wa nyoka, sehemu za fisi zipelekwe Uchina, wiki ya kazi ya siku nne. Kwa bodaboda hakukuwa na stori nyingine, vijana walikuwa wanajua manifesto yake kuliko ya mtu yeyote. Kura zake zikawa 61,969. Nchi nzima. Wengine walicheka tu, sawa, lakini kijana mmoja wa boda alinieleza vizuri, ati profesa ni wangu lakini hawezi kushinda, siwezi kutupa kura. Kwa hivyo alishikilia pua akapigia mwingine. Na ukumbuke tofauti ya wakubwa wawili ilikuwa ndogo, Ruto 7,176,141 na Raila 6,942,930, kwa hivyo kushikilia pua kulikuwa na maana.

Wenye shaka zaidi hata hawakuonekana. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22, waliopiga kura karibu milioni 14.3. Hao karibu milioni nane waliobaki nyumbani sisi hatuwaulizi kitu, tunashinda tukimsimanga aliyeenda.

Dhana: ukimpigia, umekubali yote aliyosema

Hii wanasiasa wenyewe ndio wanaipenda. Siku ya kuapishwa, Septemba 13, 2022, Ruto alisema ruzuku za mafuta na unga haziwezi kuendelea, kesho yake ikatangazwa petroli Nairobi inapanda kutoka 159.12 hadi 179.30. Mwaka 2023 yakaja makato ya ujenzi wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, na VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Ukilalamika unaambiwa si mlichagua, ilikuwa kwa manifesto. Halafu 2024 mswada wa fedha ukaja na VAT kwa mkate, na Juni 25 vijana wakawa barabarani mpaka ndani ya bunge, watu wakafa, kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Maandamano hayakuwa ya Nairobi na Kisumu peke yake, Eldoret na Nyeri pia, huko huko wilibaro ilijaza debe. Miezi si mingi baadaye watu wa Raila wakaingia baraza la mawaziri, na majirani zangu waliokuwa wakimtukana Ruto usiku na mchana wakaanza kunieleza umuhimu wa makato ya nyumba. Makato yenyewe hayakuwa yamebadilika hata senti.

Yule mama wa nyanya bado yuko. Ile karatasi ya wilibaro ilinyeshewa ikaisha, imebaki gundi. Juzi nilimuuliza 2027 atampigia nani, na kama bado anaamini mambo ya bottom-up, ule uchumi wa kuanzia chini ambao Ruto aliuhubiri. Akanipimia za shilingi hamsini, akaongeza moja juu, akaniuliza, "Kwanza niambie, kwa karatasi kutakuwa na nani na nani?"