Video na nyaraka za haki za binadamu: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Kila mauaji au mateso yanaporekodiwa kwa simu, husikika kauli ileile: sasa ushahidi upo, haki itafuata. Laiti ingekuwa hivyo. Kati ya video iliyopigwa barabarani na hukumu inayosomwa mahakamani mna kazi ya miaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na watunza nyaraka, watu ambao majina yao hayatajwi popote. Dhana potofu kuhusu kazi yao si za kupuuzwa, maana zinapoteza ushahidi ambao hauwezi kupatikana tena.

“Ikishapanda mtandaoni haipotei”

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Mwaka 2017 YouTube ilianza kutumia mitambo inayojifunza yenyewe kutambua video za itikadi kali. Muda si mrefu maelfu ya video za vita vya Syria ziliondolewa, nyingi zikiwa zimepigwa na raia waliotaka dunia ione mabomu yanavyoangukia nyumba zao. Mtambo haukuweza kumtofautisha anayesifia ukatili na anayeufichua. Akaunti kadhaa zilirudishwa baada ya malalamiko, lakini akaunti ambayo mwenyewe ameuawa au amekimbia haina wa kuidai. Kilichookoa mengi ni kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wakipakua na kuweka nakala zao mapema, wakiwemo Syrian Archive, kundi la kutunza video za vita hivyo, walioanza kazi hiyo mwaka 2014.

Jukwaa la mtandao ni biashara ya kampuni. Halikuwahi kuahidi kutunza kitu kwa ajili ya mahakama. Hata pale video inapobaki, hairudi kama ilivyokwenda: ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa zilizomo ndani ya faili, kama saa na mahali ilipopigwa, kwa kawaida hufutika. Anayeipokea mkono wa kumi anaona tukio, lakini hana tena vitu ambavyo mchunguzi angevishika kwanza.

“Video inajisemea yenyewe”

Haijisemei. Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare wakiwaswaga wanawake wawili na watoto wawili, kisha wakawapiga risasi. Serikali ya Kameruni ilisema awali kuwa ni habari ya uongo. Wachunguzi, wakiwemo wa BBC, walichukua mstari wa milima unaoonekana nyuma ya watu wale, wakaulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakapata mahali penyewe: karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Kwa kupima vivuli vya watu waliokuwa wakitembea, walikadiria kuwa ilikuwa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Tazama ni nini kilichofanya kazi pale. Ni milima, njia na vivuli, yaani sehemu za video ambazo mtu wa kawaida angeziona hazina maana. Kama aliyeisambaza angeikata ili ibaki risasi tu, kama wengi wanavyofanya ili ivute macho, milima ingekwenda na kipande kilichokatwa, na kauli ya kwanza ya serikali huenda ingesimama hadi leo.

Ndiyo maana hifadhi inayojua kazi yake hupokea faili kama ilivyo, kisha huandika: nani ameileta, aliipata kwa nani, lini, wapi, kwa kifaa gani. Huo ndio mlolongo wa makabidhiano, na ukikatika wakili wa upande wa pili ataingia hapohapo. Faili pia hupigiwa hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Kwa njia iitwayo SHA-256, mfuatano huo huwa na herufi na tarakimu 64 kwa jumla. Ukigusa hata nukta moja ya picha, mfuatano unaotoka ni mwingine kabisa, kwa hiyo mtunzaji hurudia hesabu kila baada ya muda na kulinganisha. Hapa napo watu huteleza: hesabu hiyo haithibitishi kwamba yanayoonekana ni ya kweli. Inathibitisha tu kwamba faili haijabadilika tangu ilipopokelewa. Ukweli wa tukio hutafutwa kwa milima, vivuli, mashahidi na nyaraka nyingine. Mwongozo wa Berkeley wa mwaka 2020, uliotolewa kwa ushirikiano na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, umeeleza hatua hizo kwa kirefu, na siku hizi ambapo kompyuta inaweza kutunga video nzima ya kitu ambacho hakikutokea, hatua hizo zina uzito kuliko wakati wowote uliopita.

“Watesaji hawaachi maandishi”

Wanaacha, tena mengi. Ukandamizaji wa dola hauendeshwi kwa mdomo tu: kuna mishahara, zamu, ripoti za kupeleka kwa mkubwa, na maofisa wanaotaka kupandishwa cheo.

Julai 2005 maofisa wa haki za binadamu wa Guatemala waliingia kwenye majengo ya polisi jijini Guatemala kukagua baruti zilizokuwa zimewekwa humo, wakakuta marundo ya karatasi yenye unyevu na uchafu. Ilikuwa hifadhi nzima ya iliyokuwa Polisi ya Taifa, takribani kurasa milioni 80. Humo zilipatikana nyaraka za Februari 1984, siku alipotoweka kiongozi wa wanafunzi Edgar Fernando García, na miongoni mwake mapendekezo ya kuwapa nishani askari walioshiriki operesheni ya siku ile mahali palepale. Mwaka 2010 wawili kati yao walifungwa miaka 40. Kilichowaumbua ni karatasi iliyoandikwa ili kuwasifu.

Chad ni hivyohivyo. Mwaka 2001 watu wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walikuta maelfu ya nyaraka za polisi wa siri wa Hissène Habré, rais wa zamani wa nchi hiyo, zimetapakaa katika makao yao yaliyotelekezwa N’Djamena. Zilipochambuliwa zilitoa majina ya watu 1,208 waliouawa au kufia vizuizini. Zilionyesha pia kwamba taarifa kuhusu wafungwa zilikuwa zikimfikia Habré mwenyewe, jambo alilohitaji mwendesha mashtaka kuliko yote. Mei 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha huko Dakar, Senegal.

Kuna nyaraka zilizochomwa, ni kweli. Waingereza walipokuwa wakiondoka katika makoloni yao walikuwa na maelekezo ya kuchoma nyaraka za aibu au kuzitosa kwenye maji ya kina, na nyingine wakazisafirisha kwao. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walionyanyaswa katika kambi za wakati wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza huko London, ndipo ilipokiri kuwa na shehena ya mafaili huko Hanslope Park, jengo la serikali nchini Uingereza, ambayo miaka yote haikuwa kwenye orodha yoyote ya wazi: mafaili karibu 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wengi walikwisha kufa. Kwa miongo mitano wale wazee walikuwa wakisema kweli, na karatasi zilizowaunga mkono zilikuwa zimefungiwa kwenye rafu za yule waliyekuwa wakimshtaki. Hakuna anayeweza kunishawishi kwamba suala la nani ameshika ufunguo wa hifadhi ni suala la kiufundi.

“Ukishaskani, karatasi na kanda tupa”

Hapana. Muhuri, wino, alama ya kidole na maandishi ya mkono pembeni ni vitu mtaalamu anavyoweza kuhitaji kuvikagua kwenye karatasi yenyewe. Kanda nazo zina shida ya pande mbili: zenyewe huchakaa, na mashine za kuzichezesha zinatoweka. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS iliacha mwaka 2016. Kanda za ushuhuda zisizohamishwa mapema zinaweza kuwa nzima kabisa na zisiwe na pa kuchezeshwa.

“Ushahidi wote uwe wazi kwa kila mtu”

Kauli hii hutoka kwa watu wenye nia njema, na ndiyo maana ni ngumu kuijibu. Lakini nyuma ya kila faili yumo mtu. Mwanamke aliyesimulia alichofanyiwa hakuwa akizungumza na majirani wa aliyemtenda. Nyaraka za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda zimehifadhiwa Lakilaki, Arusha. Nyingi zinasomeka na yeyote, lakini mashahidi waliotoa ushahidi kwa majina ya siri wanaendelea kulindwa ingawa mahakama ilifungwa mwaka 2015. Ujerumani ilipofungua mafaili ya Stasi, polisi wa siri wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, yanayojaza rafu za urefu wa kilomita 111, sheria ya 1991 ilimpa kila raia haki ya kusoma faili lake mwenyewe, huku majina ya wahanga wengine yakifutwa kwa wino mweusi. Uwazi ulikuwapo, ila ulianzia kwa aliyeumizwa. Naona huo ndio mpangilio wa haki.

“Hiyo ni kazi ya serikali”

Serikali ina wajibu huo, lakini mara nyingi ndiyo inayoshtakiwa. Ndani ya geto la Warsaw, mtaa wa Poland ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya barua, matangazo, shajara na hata kadi za chakula, wakazifukia ndani ya masanduku ya bati na makopo ya maziwa. Sehemu mbili zilichimbuliwa 1946 na 1950. Ya tatu haijapatikana. Hawakuwa na jengo wala kibali cha mtu.

Nawe mwenye video kwenye simu hivi sasa una wajibu kama wao. Iache ilivyo: usiikate, usiongeze maandishi wala muziki. Andika kando tarehe, saa, mahali, umesimama upande gani. Nakili faili yenyewe kwenye diski mbili zinazokaa sehemu tofauti, na ukilazimika kuituma kwa simu, itume kama hati ili isibanwe. Kabla ya kuikabidhi kwa taasisi yoyote, uliza nani ataiona, itatumika wapi, na kama unaweza kuizuia ukibadili nia. Wasioweza kukujibu hayo kwa maandishi, usiwape.