Nani alikunyonyesha? Kwa nini narekodi habari za koo bila malipo

Kazi yangu ya mchana ni utunzaji wa nyaraka. Baada ya Alasiri huenda majumbani mwa watu hapa Unguja kurekodi habari za koo zao kutoka kwa wazee, na sichukui malipo. Mara nyingi naulizwa kwa nini nisitoze japo nauli. Nitalijibu swali hilo, lakini kwanza nieleze kwa nini kazi yenyewe naihesabu kuwa ibada.

Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Watu wakisikia nasaba hufikiria majina ya wanaume, fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut kule Yemen au Shiraz kule Iran. Majina hayo mara nyingi yameshaandikwa, yamo kwenye makaratasi ndani ya makabati ya watu. Yaliyo hatarini ni yale ambayo hayajaandikwa popote na ambayo sheria inayategemea, na la kwanza kati ya hayo ni kunyonya.

Suratun Nisaa, aya ya 23, imewataja mama waliotunyonyesha na dada zetu wa kunyonya miongoni mwa walio haramu kwetu kuwaoa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, hukumu hiyo huthibiti kwa kunyonya mara tano, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Hospitali haitoi cheti cha jambo hili. Linakaa kwenye kumbukumbu za wanawake tu.

Sasa tazameni mila zetu. Sisi huoana binamu kwa binamu, na wazee hulipenda jambo hilo. Zamani haikuwa ajabu mama na binti yake kulea wachanga wakati mmoja, mmoja kitinda mimba na mwengine mwanambee. Binti akiugua, bibi alimchukua mjukuu akamnyonyesha pamoja na mwanawe. Ikitimia ile idadi, mjukuu yule amekuwa ndugu wa mama yake mzazi, na ndugu wa wajomba na mama zake wadogo wote waliozaliwa na bibi yule. Mabinti wa mjomba, ambao angeweza kuwaoa, sasa ni watoto wa ndugu yake. Hapo mlango mzima wa ukoo umefungwa kwake, na anayejua ni bibi peke yake. Bibi akifariki kabla hajaulizwa, posa itapelekwa, mahari itatolewa, na hakuna atakayesema neno.

Katika Bukhari mna kisa cha Uqba bin al-Harith. Alioa binti wa Abu Ihab, akaja mwanamke akasema, nyinyi wawili nimewanyonyesha mimi. Uqba akamjibu kuwa hakujua, wala mwanamke huyo hakuwahi kumwambia. Akapanda mnyama kutoka Makka mpaka Madina kwenda kumuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamwambia: vipi tena ukae naye, na hali imeshasemwa? Uqba akaachana na mkewe. Mapokezi mengine yanaeleza kuwa mwanamke yule alikuwa mjakazi mweusi. Nakirudia sana kisa hiki ninapofundisha vijana wanaojitolea. Ndoa ya watu huru iliwachwa kwa neno la mjakazi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na habari.

Na hapa ndipo penye uzito hapa kwetu. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba haikuwagusa masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na mabwana wao. Wao walingojea mpaka amri ya 1909. Kwa hiyo mzee wa miaka tisini leo anaweza kabisa kuwa na bibi aliyekuwa suria, aliyetoka bara, Nyasa au Manyema. Kwa sheria ya dini, mtoto wa suria kwa bwana wake ni huru, ni halali, na anarithi sawa na ndugu zake. Seyyid Said, Sultani wa Unguja na Oman, alipofariki 1856, watoto aliowaacha walikuwa wa masuria. Mwanawe Seyyid Barghash, aliyekuja kuwa Sultani, mama yake alikuwa Mhabeshi. Hakuna aibu ndani yake. Hata hivyo ndiyo habari inayofichwa kuliko zote, na familia nyingi hutamani pale kwenye jina la bibi yule pawekwe jina jingine, la mwanamke wa kabila fulani la Oman.

Hapo ndipo penye jibu la nauli. Anayelipwa huandika anachotaka mlipaji. Mtume (S.A.W.) amesema anayejinasibisha na asiye baba yake, ilhali anajua, Pepo ni haramu kwake. Onyo hilo mimi nalichukua mpaka kwa mababu na mabibi wa mbali. Mtu akiniambia, "Hilo usiliandike," siliandiki. Hiyo ni sitara, na ana haki nayo. Akiniambia niandike lisilokuwa, nazima kinasa sauti, tunakunywa chai, tunaagana vizuri.

Namna ya kurekodi nimeiazima kwa watu wa hadithi. Kila habari ina sanad yake: kasema nani, kasikia kwa nani, alikuwapo au alisimuliwa. Mzee akisita, naandika kuwa alisita. Wakiwa wawili na wamehitilafiana, naziandika kauli zote mbili na sichagui. Miaka siulizi kwa tarehe. Nauliza mtoto huyu alizaliwa wakati wa vita vya Hitler, au zama za siasa, yaani za vyama kabla ya uhuru, au Sultani Seyyid Khalifa alipofariki (1960), au baada ya Mapinduzi. Wazee hawakosei sana hapo. Mimi huuliza pia juu ya harusi na makaburi, maana ukiuliza nani walilala nyumbani siku ya harusi, au nani kazikwa ubavuni mwa nani, hutajiwa jamaa ambao kwa swali la "ndugu zako ni nani" wasingetajwa kamwe.

Nakala moja hubaki kwa familia na nyingine kwa jamaa wa mbali wanayemwamini. Kwa wengi huyo yuko Maskati au Dubai, kwani baada ya Mapinduzi ya 1964 koo nyingi ziligawika pande mbili za bahari, na nusu ya habari iko huko. Wazee wa huko tunawarekodi kwa simu, na mara nyingi hukumbuka mitaa ya Unguja kuliko sisi tunaoishi humo.

Tunachopungukiwa ni wanawake wa kurekodi. Bibi hatamweleza mwanamme asiye mahramu wake habari za maziwa na uzazi, na ni haki yake. Mabinti waliosoma madrasa, wenye subira na simu yenye nafasi, wakae na bibi zao wenyewe kwanza. Swali la kuanzia ni hili: "Bibi, katika watoto wa nyumba hii na ya jirani, nani umempa ziwa lako, na mara ngapi?"