Mvua isiyo na kazi: ninachokitamani kwenye gemu za kilimo

Nimecheza Farming Simulator, gemu ya kompyuta ya kuendesha shamba, tangu toleo la 2013, na mchana mimi ni bwana shamba: nawatembelea wakulima wa mahindi Nyanda za Juu Kusini. Jioni nikiwasha kompyuta natoka shamba moja naingia jingine, na macho hayaachi kulinganisha.

Kwenye mashine sina neno. GIANTS Software, kampuni ya Uswisi iliyotoa toleo la kwanza mwaka 2008, wanajua trekta. Kinachonisumbua ni mvua.

Ndani ya gemu, mvua ina kazi moja kubwa: kuzuia kombaini. Ikinyesha huvuni, ikikata unaendelea. Isiponyesha kabisa, mahindi yanakomaa vilevile. Mavuno yanapangwa na mbolea, chokaa, magugu na kulima, yaani mambo yaliyo mikononi mwa mchezaji. Toleo la 25, lililotoka Novemba 2024, lilileta mvua ya mawe na kimbunga, lakini ukame haumo. Na ukame ndio tunaolala nao!

Hindi lina majuma yake ya hatari, pale linapotoa mbelewele, yaani maua ya juu yenye chavua, na ndevu. Jua likikaza wakati huo, ndevu zinachelewa au zinakauka kabla ya kupokea chavua. Niliwahi kumenya hindi la namna hiyo kwa mzee mmoja. Bua lilikuwa nene, majani ya kijani, na mbolea aliweka zote mbili, ya kupandia na ya kukuzia. Ndani ya maganda, punje chache zimetawanyika kwenye gunzi kama meno ya mtoto. Mzee aliligeuzageuza mkononi, hakusema kitu. Kwenye gemu, shamba lake lingehesabiwa limetimiza kila kitu.

Basi naomba unyevu wa udongo uhesabiwe. Msingi upo tayari: nyongeza ya bure ya Precision Farming katika toleo la 22 inaligawa shamba kwa aina nne za udongo, unachukua sampuli, unajua pH, yaani uchachu wa udongo, na naitrojeni ya kila kipande. Kama programu inajua hapa ni kichanga na pale ni mfinyanzi, haiko mbali na kujua kwamba kichanga kitakauka kwanza.

Hapo hata kuchagua mbegu kungekuwa na maana. Kwenye gemu mahindi ni mahindi tu. Huku mtu anajiuliza apande ya muda mrefu, kama mbegu ya UH6303 ya kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, au ya muda mfupi azae kidogo lakini awahi mvua kabla haijakatika. Swali hilo linamnyima mkulima usingizi wiki nzima, na ningependa limnyime na mchezaji.

Baada ya kuvuna ndipo gemu inapokosea zaidi. Unamwaga mahindi kwenye kihenge, unasubiri bei ipande hata miaka mitatu, hayaozi. Mahindi ya kweli yanatakiwa yashuke hadi kama asilimia 13 ya unyevu kabla ya kuhifadhiwa. Wasio na kipimo tunawafundisha chupa ya soda: iwe kavu kabisa, tia punje, tia chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ukipuuza, ukungu unaleta sumukuvu, na sumukuvu inaua. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kihenge kinachoweza kuharibu chakula kingemfanya mchezaji aheshimu jua.

Viwavijeshi navyo vije, na udongo ulioshindiliwa na matairi wakati wa tope uzae kidogo msimu unaofuata.

Wenzangu wengi wanasema gemu itageuka mzigo. Nawaelewa, wengine wanacheza kupumzika. Lakini magugu na mawe tayari unaweza kuyazima kwenye mipangilio. Ukame nao uwekewe kitufe chake, anayeutaka awashe.

Kilichonipa moyo ni mpunga wa toleo la 25. Unajaza jaruba maji, unapandikiza miche, na kabla ya kuvuna unayatoa. Nilikaa pale nikiangalia maji yakipanda taratibu hadi kwenye kingo, nikawaza: kumbe maji wanayajua. Wayapeleke na kwenye mahindi.