Kusikia lugha usiyoijua ndotoni maana yake nini

Watu wa huku kwetu Tanga wana ndoto moja wanaisimulia kwa sauti ya chini, yani mtu anakwambia jana usiku kanijia mzee mmoja anaongea lugha sijawahi kuisikia ila namwelewa kila neno, nimeamka sikumbuki hata moja. Ukimwambia mama anasema soma dua ulale, jirani anasema hao ruhani, yani pepo wa Kiarabu, wanakutaka, mwingine anasema umeshiba sana usiku. Mi hili jambo nimelifuatilia miaka mingi kwa sababu limenikuta mwenyewe, na naona watu wanatishika bila sababu.

Tuanze na jina. Ukitafuta habari hizi utakutana na neno zenoglosia, lililotungwa na Mfaransa Charles Richet mwanzoni mwa karne ya 20, daktari huyo ndo alipata Tuzo ya Nobel 1913 kwa utafiti wa mzio mkali. Zenoglosia ni madai ya kwamba mtu anaongea lugha halisi ya watu fulani na hajawahi kufundishwa. Kunena kwa lugha kule kanisani ni kingine, pale maneno si lazima yawe ya taifa lolote. Na sisi watu wa pwani tuna letu, kwenye ngoma ya pepo mtu akipandisha pepo wa kibuki anategemewa aongee lugha ya Bukini, jina ambalo wazee wetu waliiita Madagaska, na wa ruhani anatoa Kiarabu. Sasa angalia, hao wote wako macho au wamepandisha na ni wao wanaoongea. Wa ndotoni kalala, na mara nyingi yeye anasikiliza tu. Kwaiyo usiyachanganye.

Hiyo lugha inatoka wapi basi? Jibu langu ni sikio. Sikio linaweka vitu vingi kuliko vile unavyojua kwamba unavijua, na halikuombi ruhusa. Mtoto tumboni miezi ya mwisho anasikia sauti ya mama yake, akizaliwa tayari anatofautisha mwendo wa lugha ya mama na lugha nyingine, na hapo hajui neno hata moja. Mwaka 2014 watafiti wa Montréal, Canada, walipima mabinti waliozaliwa China wakachukuliwa wadogo sana na familia zinazoongea Kifaransa, Kichina hawakijui kabisa, hawakumbuki kitu, lakini waliposikilizishwa zile sauti za kupanda na kushuka za Kichina ubongo wao ukazipokea kama wa mtu anayekiongea. Lugha imeondoka, sauti yake imebaki. Mi nilivyosoma hiyo nililia, kwa sababu nilijikumbuka.

Yangu ilikuwa hivi. Naota niko kwenye baraza refu, jua la alasiri, mwanamke simuoni uso anapita karibu yangu na kila akipita anasema neno moja, avjo, avjo, kwa sauti ya kuvuta mwishoni. Kwenye ndoto najua kabisa ananiaga. Ikajirudia miaka na miaka. Siku moja nimekaa Ngamiani kwa mama mmoja wa Kihindi anayeuza vitambaa, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, tukapiga stori, nikapata ujasiri nikamuuliza mama hili neno la wapi. Akacheka kwa furaha akasema hilo Kigujarati, mtu akiondoka unamwambia hivyo, yani uje tena. Nikabaki nimeduwaa. Nyumbani nikamuuliza mama mzazi, akaniambia we mbona hujui, nilikuwa nashona kwenye baraza la duka la Mhindi barabara ya nane, ukiwa hujaanza hata kutembea nakulaza kwenye kanga chini ya cherehani, wateja wanaingia wanatoka kutwa nzima. Basi ndo hapo. Mi nilikuwa nimelala chini ya cherehani na ile sauti inaingia.

Kitu kama hiki kina jina, kriptomnesia, kumbukumbu iliyojificha, inarudi na mwenyewe unaiona mpya. Aliyeitumia sana ni Théodore Flournoy, mtaalamu wa saikolojia wa Geneva. Alimfuatilia mwanamke aliyempa jina Hélène Smith ambaye akipandisha alikuwa anatoa lugha aliyosema ni ya sayari ya Mars, ina maneno yake na maandishi yake kabisa. Flournoy alikaa na ile lugha akaichambua, na mwaka 1900 akaonyesha kwamba maneno ni mapya ila mpangilio wa sentensi ni wa Kifaransa, lugha aliyokuwa anaiongea yule mama kila siku. Hakusema ni muongo, alisema akili yake imejenga kwa matofali iliyonayo.

Na hii ndo sababu ya pili, ambayo naona ndo inawakuta wengi zaidi. Mara nyingi hakuna lugha yoyote pale, kuna mahadhi tu. Umewahi kuona mtoto anaigiza Kichina? Hajui neno lakini ukisikia unajua anaigiza Kichina. Ubongo ukiwa usingizini unafanya vilevile, unachukua mwendo wa taarifa ya habari ya Kiarabu, tamthilia ya Kituruki, bibi anayesalimiana Kidigo na mwenzie sokoni Mgandini, unatengeneza mtu anayeongea. Kile unachokiita kuelewa kila neno, maneno yenyewe hayana kazi hapo. Ndotoni maana inakuja yenyewe, unajua tu kwamba huyu ananionya, huyu ananikaribisha, kama unavyomjua mtu ni shangazi yako na sura si yake. Ndoto ndefu zenye hadithi nyingi zinatokea kwenye usingizi wa macho kuchezacheza, uliogunduliwa Chicago na Aserinsky na Kleitman wakauandika 1953, na wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohoji hiki kweli au si kweli, imepoa. Ndo maana huulizi.

Kuna na sauti za nje pia, redio ya jirani imeachwa usiku kucha, simu inacheza video yenyewe, zinaingia ndotoni, hilo dogo.

Wanaouliza kuhusu dini, mafundisho ya Kiislamu yenyewe yanasema ndoto ni aina tatu, bishara ya Mwenyezi Mungu, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya nafsi ya mtu mwenyewe. Watu wanazikimbilia mbili za kwanza wanasahau ya tatu ipo, tena naona ndo nyingi. Usiende kutoa pesa kilingeni kwa sababu umesikia Kiarabu ndotoni, na utotoni umekaa chuo cha Kurani miaka minne unasikiliza.

Ukitaka kujua yako ni ipi, weka simu karibu na mto, ukishtuka tu kabla hujakaa jirekodi zile sauti kama zilivyo, usizitafsiri. Zinapotea haraka mno, ukienda chooni ukirudi zimeondoka. Asubuhi sikiliza. Kijana wa shangazi yangu Makorora alikuwa na uhakika anaota Kijerumani, akanitumia rekodi, nikaisikiliza mara tatu, kila neno linaishia na irabu, a, o, i, a, kama sisi tunavyoongea. Nikampigia nikamwambia mdogo wangu hicho ni Kiswahili chako kimevaa kanzu ya watu. Ila kuna neno moja katikati halikuwa hivyo, lilikatika ghafla mwishoni, nalo nikamwambia aende akamuulize bibi yake kabla hajasahau.