"Nipe Amoksi za Buku": Neno Kutoka Dirisha la Dawa

Kila mwaka tarehe 18 mpaka 24 Novemba ni wiki ya kuelimishana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wenyewe tunaita UVIDA, na kila ikikaribia malalamiko dirishani kwetu ni yale yale. Mtu anakuja na hasira, dawa zenu feki, nimemeza sipro (ile antibayotiki ciprofloxacin) mara tatu UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, haiponi. Ukimuuliza ulimeza ngapi anakwambia nilinunua vinne, maumivu yakaisha nikaacha. Na mkojo ulipimwa? Hapana, dada wa dukani alinipa tu.

Ndugu zangu, hapo dawa inaweza kuwa nzima kabisa. Ulichofanya ni kuua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaliane, au hata hukuwa na UTI, maana sio kila muwasho au uchafu ukeni ni UTI, kuna fangasi na kuna magonjwa ya zinaa na kila moja lina dawa yake. Ikijirudia omba mkojo uoteshwe maabara. Majibu yanachukua siku mbili tatu, ndiyo, lakini yanakuja na jina la bakteria na dawa inayomuweza. Kubadilisha antibayotiki kila wiki kwa kubahatisha sio matibabu.

Kwa watoto ndo naumia zaidi. Mafua na kikohozi cha kawaida ni virusi, amoksilini haimgusi kirusi hata umpe chupa nzima. Mama, kabla hujakimbilia dawa muangalie mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu anavyopumua kwa dakika moja kamili. Wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50 au zaidi, na wa mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5 akifika 40 au zaidi, inaweza kuwa nimonia, mpeleke kituoni leo hii. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usisubiri kukuche. Kwenye nimonia ndo amoksilini ina kazi, na atapewa kwa uzito na umri wake, sio kwa kijiko cha chai cha nyumbani.

Tumbo la kuendesha nalo watu wameligeuza la flajili. Mtoto anayeharisha maji anahitaji ORS na zinki, flajili ni ya amiba, giardia na baadhi ya bakteria wengine, na ukiona damu kwenye choo nenda ukapimwe.

Sasa madhara, maana wengi wanadhani antibayotiki haina neno. Doksi (doxycycline) hatumpi mjamzito, na mtoto mdogo hatumpi bila daktari kusema, na ukiimeza kunywa glasi nzima ya maji ukae wima angalau nusu saa, ukilala nayo inakuunguza koo la chakula. Sipro na doksi usimeze pamoja na maziwa, dawa za kiungulia au vidonge vya madini ya chuma, vinazuia dawa kuingia mwilini. Sipro pia inaweza kuumiza kano, hasa kwa wazee na wanaotumia steroidi, ukisikia maumivu nyuma ya kisigino acha na urudi hospitali. Jentamaisini inagusa figo na masikio. Septrini ikikutoa malengelenge au vidonda mdomoni ni dharura. Na ukishawahi kupata mzio wa penisilini, amoksilini na ampiklox ni ukoo huo huo, watu wanadhani ni dawa tofauti! Tuambie kabla hatujakupa, usisubiri kuulizwa.

Kuhusu cheti cha daktari, naeleza tena. Antibayotiki ni dawa ya cheti. Cheti kiwe na jina lako, umri, jina la dawa, nguvu yake, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na sahihi ya aliyeandika. Duka la dawa muhimu lina orodha yake, haliruhusiwi kuuza kila antibayotiki, na kuchoma sindano dukani hairuhusiwi kabisa. Wakaguzi wakikuta ukiukwaji mwenye duka anaweza kusimamishiwa kibali au kufungiwa, kwahiyo mtoa dawa akikukatalia usimtukane, anafuata sheria.

Ukipata madhara usitupe pakiti. Njoo nayo kituoni, tunahitaji jina la dawa, kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, siku uliyoanza kumeza na siku dalili zilipoanza, na dawa nyingine zote ulizomeza zikiwemo za miti shamba. Tunajaza fomu inaenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukihisi dawa ni feki taratibu ni hiyo hiyo, ila vidonge vilivyobaki viache kwenye pakiti yake, usivihamishie kwenye kimfuko, maana bila namba ya toleo hatuwezi kufuatilia imetoka wapi.