Je, wajua lile jiwe kubwa kwenye Raiders of the Lost Ark linanguruma kwa sauti ya gari?

Kama ulishaiona Raiders of the Lost Ark, ile muvi ya 1981 ya Steven Spielberg ambayo Harrison Ford ni Indiana Jones, profesa wa akiolojia anayelisaka Sanduku la Agano kabla Wanazi hawajalipata, basi lile jiwe unalikumbuka. Jamaa kachukua sanamu ya dhahabu kwenye hekalu, mara dude la mviringo hilo linamjia kwa nyuma, anatimua mbio roho mkononi. Sasa ule mngurumo waliutoa wapi?

Sio kwenye jiwe, maana jiwe lenyewe halikuwepo, lilikuwa pambo la faibaglasi. Sauti ilibidi itafutwe pembeni na kazi hiyo alipewa Ben Burtt, yuleyule wa sauti za Star Wars. Kwanza akajaribu mawe ya kweli, akayaporomosha mlimani huku anarekodi, lakini wapi, hayakutisha hata kidogo. Kilichomtoa ni gari aina ya Honda Civic. Liliposerereka kwenye mteremko wa changarawe injini imezimwa, akasikia matairi yanavyosagasaga kokoto chini, akajua hii ndo yenyewe, akasogeza maiki karibu na tairi akarekodi.

Halafu kuna lile shimo la nyoka. Nyoka akitambaa humsikii kabisa, ila kwenye muvi wako wengi mno na kimya kingeua tukio zima, kwa hiyo Burtt akachovya vidole kwenye bakuli la chakula cha chizi kilichookwa akawa anavikoroga taratibu, ule mlio wa kuteleza na kunata ndio unaokusisimua mwili mpaka leo.

Mimi inayonimaliza ni ya Sanduku lenyewe. Pale mfuniko unaposukumwa unasikia kitu kizito, cha kale, kinakwaruza jiwe kwa jiwe, na kumbe ni mfuniko wa tenki la maji la choo nyumbani kwake! Ukifikiria inaingia akilini kabisa, ule ni udongo wa kuchoma mzito, na ukiuburuza taratibu unakwaruza hivyohivyo.

Hata bastola ya Jones sio bastola, mlio ni wa bunduki ya Winchester, ndo maana kila risasi inapasua hivyo. Kwa kazi hiyo Burtt na mwenzake Richard L. Anderson walipewa Oscar maalumu ya uhariri wa sauti, na walistahili kabisa. Ukiirudia, vaa hedifoni.