Kusoma kupinduka kwa nanosumaku, moja moja, kwa hadubini ya Kerr

Nanosumaku (sumaku ndogo mno) yenye upana wa nanomita 150 haionyeshi umbo lake kwenye hadubini ya mwanga. Mwanga wa bluu wa nanomita 460 na lenzi yenye NA (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga inaoupokea) ya 0.9 hutenganisha nukta zilizoachana takriban nanomita 300. Lakini kujua kama sumaku imepinduka, yaani ncha zake zimebadilishana pande, hakuhitaji kuona umbo. Inatosha umbali kati ya jirani na jirani uzidi kikomo hicho, ndiyo maana safu iliyopangwa kila nanomita 500 inasomeka.

Athari inayotumika, mwanga kubadilika unapoakisiwa na sumaku, aliyoiripoti John Kerr mwaka 1877, ni ndogo mno. Kwa pamaloi, aloi ya nikeli na chuma, mhimili wa mtetemo wa mwanga unaoakisiwa hugeuka kiasi cha mia moja ya digrii. Usumaku ukilala bapa kwenye uso wa sampuli, mwanga lazima uingie kimshazari, ukifuata urefu wa visiwa (nanosumaku zenyewe): sogeza tundu la taa hadi mwanga upite ukingoni mwa lenzi. Ukiuacha katikati, kontrasti inajifuta.

Usifunge kabisa analaiza, kichujio cha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga kilicho mbele ya kamera. Acha takriban digrii 2 kutoka pale inapozuia mwanga wote. Hapo kupinduka hubadilisha mwanga kwa asilimia 2 hivi kwenye filamu nzima, na visiwa vikijaza robo ya eneo, inabaki nusu asilimia. Pikseli inayokusanya elektroni 20,000 ina kelele ya asilimia 0.7, kwa hiyo picha moja haikuambii kitu. Wastani wa picha 100 hushusha kelele hadi asilimia 0.07.

Kinachosumbua zaidi ni sampuli kuhama. Kingo za chuma juu ya silikoni zina kontrasti kubwa kuliko usumaku wote, hivyo mhamo wa nanomita 5 tu, baada ya kutoa picha ya rejea (iliyopigwa mwanzo) kutoka kwenye picha mpya, huzaa ishara inayolingana na ile unayoitafuta. Itazame kwa karibu: kisiwa kilichohama kina upande mweupe na upande mweusi, kilichopinduka kweli ni doa moja la rangi moja. Panga picha upya kwa sehemu ya pikseli kabla ya kutoa.

Uga wa sumaku unaotumia kupindua visiwa nao hugeuza mwanga ndani ya vioo vya lenzi, na picha nzima hung'aa au kufifia. Njia ninayoiamini ni kutopiga picha uga ukiwepo. Shibisha safu upande mmoja (kwa uga mkali hadi sumaku zote zielekee huko), rudi sifuri, piga rejea. Kisha toa mpigo wa uga kinyume, rudi sifuri, piga, ongeza militesla 0.5, rudia. Visiwa vya kikoa kimoja (ambavyo usumaku wote ndani ya kisiwa huelekea upande mmoja) hushika hali yake.

Wastani uwe wa picha za hatua moja, kamwe usiwe wa mizunguko tofauti. Rudia mzunguko na ulinganishe: kisiwa kinachotangulia kupinduka kila mara kina kasoro ya kingo au kinasukumwa na jirani zake; kinachobadilisha zamu kinaendeshwa na joto.